Semina ya wawakilishi wa wafanyakazi hapa Jinja, ile wanayofundisha kwa maisha ya Tom Mboya: nendeni, ila siku ya pili irekebishwe

Watu wengi wa Walukuba na Masese wananiuliza kuhusu hii semina ya wikendi ya wawakilishi wa wafanyakazi, kama inafaa pesa au ni zile za kula posho, kupiga picha na kupewa cheti, sasa naandika mara moja kila mtu asome. Inafaa. Kama wewe ni mwakilishi kiwandani, au wenzako wamekuchagua juzi na bado hujui pa kuanzia, nenda, hata kama itabidi ukope kidogo. Lakini kuna mahali pamepungua, hasa siku ya pili, na nitapasema wazi kwa sababu wanaoiendesha nawaheshimu na najua wanasoma maoni ya watu.

Mambo ya kawaida kwanza. Ni Jumamosi na Jumapili, bei elfu sitini, unalipa kwa mobaili mani na risiti unapewa, chakula cha mchana kimo humo humo, siku ya kwanza posho (ugali) na maharage, ya pili wali na samaki, chai na maandazi asubuhi na jioni. Ukumbi ni wa kukodi, uko ghorofani, viti vya plastiki, mchana joto linakuja ila madirisha yanafunguka yote. Vyoo visafi. Wanafundisha kwa Kiswahili kutoka asubuhi mpaka jioni na hilo kwangu ni jambo kubwa, maana kiwanda kimoja tu cha Jinja utakuta Msoga, Msamia, Mjaluo, Mwacholi, Mwaluri na Mganda kwenye zamu moja, halafu mtu anawaitia semina ya Kiingereza kigumu, yule wa mashine anakaa kimya siku nzima anaogopa kuchekwa na yeye ndo mwenye mambo ya kusema. Hapa kila mtu aliongea. Wengine waliongea kupita kiasi lakini afadhali hivyo.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa reli, yunioni ameijua tangu ujana, sisi tunamwita mzee na yeye anatuita vijana wangu hata wale wenye mvi kati yetu. Hana projekta. Ana ubao, chaki, na begi la karatasi zilizochakaa, na anataka kila mtu aje na kaunta buku na kalamu, simu mezani hataki kuiona.

Sasa kiini chenyewe. Sheria ya Ajira na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi, zile za 2006, zinakuja baadaye. Kuanzia asubuhi ya kwanza anamzungumzia mtu mmoja, Tom Mboya wa Kenya, toka mkaguzi wa afya wa manispaa mpaka katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi mpaka mbunge mpaka waziri, na kila hatua anasimama anauliza, hapa huyu alifanya nini ambacho wewe unaweza kukifanya Jumatatu ukiingia kazini? Swali hilo la Jumatatu ndo lilinifanya nisisinzie. Semina nyingine nilizowahi kukaa wanakusomea vifungu tu, kifungu hiki kinasema hivi, kile kinasema vile, unatoka na kichwa kizito na hujui hata barua ya kwanza kwa meneja inaandikwaje.

Kuna kaka mmoja wa kiwanda cha chuma aliinua mkono mapema, akasema mzee, kwani Uganda hatuna watu wetu? Swali la haki kabisa. Mzee akamjibu vizuri, akasema tunao, akaanza na Ignatius Musazi na James Kivu waliowakusanya madereva wa magari mwishoni mwa miaka ya 30, akaja kwenye mgomo mkuu wa 1945 na ghasia za 1949, halafu Musazi huyo huyo kuanzisha Uganda National Congress mwaka 1952, akamtaja na Humphrey Luande aliyeongoza shirikisho la UTUC na akaingia bungeni. Kisha akasema reli ilikuwa moja, kutoka Mombasa mpaka Kampala mpaka Kasese, na wafanyakazi walikuwa wamoja, bandari ikigoma kule pwani mzigo wa Uganda unalala huko huko. Na mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru, ICFTU, lilifungua chuo cha viongozi wa wafanyakazi wa Afrika pale pale Kampala, watu wa nchi mbali mbali wakaja kusoma kwetu. Akatukumbusha pia kwamba hizi nyumba za Walukuba tunazoishi zilijaa watu kutoka ng'ambo ya mpaka mpaka 1970, serikali ya Obote ilipowaondoa maelfu ya vibarua wa Kenya. Kwenye ukumbi kulikuwa na watu wawili watatu ambao babu zao waliondoka mwaka huo, wakaanza kusimulia na wao, mzee akawaachia nafasi. Hapo niliona tuna mwalimu.

Maisha ya Mboya yenyewe ukiyasikia kwa mpangilio wa mzee unaelewa kwa nini amemchagua. Alizaliwa Agosti 1930 kwenye shamba la mkonge Kilima Mbogo, karibu na Thika, baba yake akifanya kazi kwenye shamba hilo, kwao asili ni kisiwa cha Rusinga humu humu ziwani. Shule ya Mangu akaiacha kwa sababu ya karo. Akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, kwa kuwa huko ukisoma unalipwa kidogo, akamaliza akaajiriwa na manispaa ya Nairobi 1951. Kazi ni ile ile ya mkaguzi Mzungu, kukagua masoko, kupima maziwa, lakini Mwafrika alikuwa anapokea kama sehemu moja ya tano ya mshahara wa mwenzake. Na kuna kisa ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia baadaye: yuko peke yake maabara, mama mmoja wa Kizungu akaingia na maziwa yake ya kupimwa, akaangaza chumba kizima, akamuuliza yeye Mboya kama kuna mtu yeyote humo. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akaenda kushtaki.

Baada ya kisa hicho mzee alitufanyia zoezi ambalo mimi naliweka la kwanza kwenye semina yote. Tulikuwa tumeambiwa tuje na karatasi zetu za mshahara, jina tumelifunika. Akazikusanya, akazipanga mezani mbili mbili, kazi sawa na zamu sawa, akatuita tusogee tuangalie. Fundi wa mashine aliyeandikwa na kampuni moja kwa moja na fundi wa mashine hiyo hiyo aliyeletwa na wakala wa vibarua, tofauti ilikuwa karibu nusu, na huyu wa wakala hana hata mstari wa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwenye karatasi yake. Dada mmoja wa kiwanda cha samaki aliishika ile karatasi mkononi muda mrefu, akasema miaka yote hii nilijua lakini sijawahi kuziona zimelala pamoja. Mzee akasema sasa andikeni, msiandike kwamba mnaonewa, andikeni namba. Barua yetu ya kwanza kwa menejimenti tuliiandika hapo hapo kwenye kaunta buku, mistari minane, hakuna tusi, hakuna kulia, namba tupu na ombi la kikao. Hiyo barua mimi nimeshaitumia kazini na kikao tumepewa tarehe.

Halafu akaeleza tofauti ya chama cha watumishi na yunioni, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tunakichanganya. Mboya alikuta manispaa ina chama cha watumishi Waafrika, kile cha kupeleka maombi kwa heshima na kushukuru, akachaguliwa kiongozi wake 1952, akakigeuza kikawa yunioni kamili ya wafanyakazi wa serikali za mitaa, yenye kadi, ada, kumbukumbu za vikao na haki ya kujadiliana mishahara. Mwaka 1953 akaachana na kazi ya manispaa, na mwaka huo huo, ana miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa shirikisho lote la vyama vya Kenya, ambalo baadaye lilijulikana kama Kenya Federation of Labour.

Na mzee hakuficha kwamba nafasi hiyo ilipatikana kwa sababu wengine walikuwa ndani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, viongozi wa yunioni Fred Kubai na Bildad Kaggia wakakamatwa pamoja na Kenyatta, mwenzao Makhan Singh alikuwa kizuizini tangu 1950 na hakutoka mpaka 1961, chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kikapigwa marufuku 1953, Aprili 1954 jeshi likaizingira Nairobi likakamata watu kwa maelfu. Kilichobaki wazi kisheria kwa Mwafrika kusema kitu ni yunioni. Mboya akausimamia huo mlango mdogo, anaandika barua, anapinga watu kufukuzwa majumbani, anapeleka malalamiko mpaka London, na kila mara anahakikisha hesabu za shirikisho ziko sawa ili wasipate sababu ya kulifunga. Mimi kwa hapa nilikaa wima. Tumezoea kusikia ujasiri ni kupiga kelele getini, kumbe kuna ujasiri wa kuweka risiti zote wakati serikali inatafuta hata moja iliyopotea.

Mchana ukawa wa mgomo wa bandari ya Mombasa, Machi 1955. Mzee anatugawa, kundi moja ni makuli wa bandari, kundi jingine waajiri, kundi la tatu serikali ya mkoloni yenye askari, na mtu mmoja anakuwa Mboya aliyetoka Nairobi. Kazi ya huyo Mboya ni ngumu kuliko ya wote, maana inabidi awaambie makuli warudi kazini wakati hawajapata chochote mkononi, wamwamini kwamba majadiliano yatafanyika, na huku awaambie waajiri kwamba asipopewa kitu hawezi kuwazuia tena. Kijana aliyeigiza alizomewa na makuli mpaka akataka kukaa chini. Mzee akamwambia simama, ndo kazi hiyo, na wewe ukichaguliwa watakuzomea watu wako kabla meneja hajakuzomea. Kule Mombasa kwa kweli watu walirudi kazini, mambo yakaenda kwa usuluhishi, na nyongeza ikapatikana, nyongeza kubwa ya kuonekana. Baada ya pale jina la Mboya likafika kila mahali reli ilipofika.

Oxford, Ruskin College, 1955 mpaka 1956, mzee aliipita haraka na sioni tatizo. Alikaa zaidi kwenye pesa za Wamarekani, na alifanya vizuri. Mboya alipokwenda Marekani 1956 shirikisho la wafanyakazi wa kule, AFL-CIO, lilitoa dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho pale Nairobi, jengo la Solidarity. Kuna waliosema kijana amenunuliwa, na maneno hayo yalimfuata mpaka mwisho, mpinzani wake kwenye siasa, Oginga Odinga, na watu wake waliyarudia sana. Mzee hakutuambia tuamue vipi. Alituuliza tu, ofisi ya chama chako kodi yake inalipwa na nani, na huyo anayelipa akisimamisha pesa kesho, nyinyi mtakutana wapi? Watu wakaanza kuangaliana maana vyama vyetu vingi hapa semina, fulana, usafiri, vyote ni wafadhili, na ada za wanachama hazitoshi hata umeme. Tuliongea hilo mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyetoka na jibu rahisi lakini sisi kwenye tawi letu tumeshaanza kuhesabu ada upya, nani anakatwa na nani hakatwi, na zinafika wapi.

Siasa ya 1957 mpaka 1960 mzee aliisimulia kwa raha. Machi 1957 Waafrika wa Kenya wanachagua wawakilishi wao mara ya kwanza, viti vinane tu, Mboya anamshinda wakili Argwings-Kodhek pale Nairobi, na walioshinda wanakataa uwaziri chini ya katiba ya mkoloni. Desemba 1958 anakuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra, ana miaka 28. Septemba 1959 ndege ya wanafunzi 81 wa mpango wake wa masomo inaondoka kwenda Marekani, pesa zimechangwa na watu maarufu wa kule kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy unatoa dola 100,000, na mpaka 1963 wamekwenda vijana karibu 800 wa Kenya na nchi jirani, wa kwetu Uganda wakiwemo. Yule dada wa kiwanda cha samaki akauliza wanawake walikuwepo? Walikuwepo, Wangari Maathai alikwenda 1960 kwa mpango huo. Ningependa mzee aongeze dakika kidogo hapa maana nusu ya ukumbi ni akina dada na hadithi nzima ya yunioni inasimuliwa kwa majina ya wanaume.

Siku ya pili ndo ya waziri, na hapa nianze na kizuri. Mboya aliingia serikali ya mseto 1962 kama waziri wa kazi, na Oktoba mwaka huo serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi wakatia saini mkataba wa mahusiano kazini, ule wanaouita Industrial Relations Charter. Mzee ameutafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, tukausoma pamoja sentensi kwa sentensi: mwajiri anaitambua yunioni, malalamiko yanafuata ngazi hizi na hizi, kabla ya mgomo, au mwajiri kuwafungia wafanyakazi nje, kuna mazungumzo na usuluhishi. Unaona kabisa huyu ni mtu aliyewahi kukaa upande ule wa meza. Anajua meneja anavyokwepa, anajua anavyosema mwenye mamlaka amesafiri. Mimi naona huo mkataba ndo kazi yake bora kama waziri, na kwa mwakilishi wa kiwanda saa mbili za kuusoma zinazidi hotuba zote za Mei Mosi.

Kisha mambo yakaanza kukimbizwa. 1963 wizara ya sheria na katiba, dakika chache. Mwisho wa 1964 mipango na maendeleo ya uchumi, na ile hati ya sera ya serikali, Sessional Paper namba 10 ya 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika, mzee akatuambia ni muhimu sana, iliamua pesa za maendeleo ziwekwe kwanza pale penye rutuba na faida ya haraka ili baadaye zisambae, akasema kuna waliopinga, akiwemo mchumi Barack Obama, baba yake yule rais wa Marekani, aliyeandika kuikosoa mwaka huo huo. Tukafunga. Jamani, hapo ndo pa kukaa! Mtu aliyeanza kwa kudai kwamba mkaguzi Mwafrika alipwe sawa na Mzungu, leo anapanga uchumi wa nchi na anasema maeneo mengine yasubiri, sisi tunataka kujua nini kilibadilika, yeye au kiti. Watu wa Karamoja na Busoga wanaoambiwa wasubiri kila bajeti hilo swali ni lao.

Na hiki ndo kinachoniuma zaidi. Mwaka huo huo wa 1965 serikali aliyokuwa waziri ndani yake ililivunja shirikisho lile lile alilolijenga, pamoja na lile pinzani lake, likaundwa moja jipya, COTU, ambalo katibu mkuu wake alikuwa anateuliwa na rais wa nchi kutoka kwenye majina yaliyopendekezwa, na sheria ya migogoro ya kazi ikaubana mgomo kutoka kila upande. Mzee alilisema hili kwa sentensi moja, akaangalia saa, akaendelea na mkutano wa Limuru 1966 na jinsi Mboya alivyosaidia kumng'oa Odinga kwenye umakamu wa chama tawala, KANU. Nilimfuata wakati wa chakula nikamuuliza mzee, mbona hapo umepita? Akanijibu kwa upole kwamba vijana wengi ni wapya, hataki wavunjike moyo siku ya pili. Namheshimu sana mzee lakini hapa sikubaliani naye. Mwakilishi mpya anayejua 1955 peke yake bila 1965 ataenda kumpigia debe mtu yeyote aliyewahi kushika kadi ya yunioni, halafu akiingia bungeni atashangaa simu haipokelewi.

Maana sisi tunao hao watu. Uganda ina wabunge watano wa wafanyakazi ndani ya bunge, viti vyao viko kisheria, tuna mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi, NOTU na COFTU, na wapo waliotoka kwenye viti hivyo wakafika mpaka uwaziri. Na bado kima cha chini cha mshahara kinachotambulika ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984, leo hiyo pesa huwezi kulia chakula cha mchana na soda ukabaki na nauli ya boda kwenda Njeru. Mswada wa kima cha chini ulipita bungeni 2019, rais akakataa kutia saini. Semina ya wawakilishi wa wafanyakazi ambayo haitoi angalau nusu siku kuuliza tunawabana vipi watu wetu wakishapanda juu, kwa mkataba gani, kwa vikao vya kila baada ya muda gani, kwa kuitwa kutoa hesabu mbele ya nani, hiyo imeacha kazi katikati. Mboya mwenyewe anatosha kuwa somo hilo, hatuhitaji kumtafuta mwingine. Aliyeutaka ule mkataba wa 1962 ni yeye, na aliyekaa kwenye baraza la mawaziri 1965 ni yeye.

Kifo chake mzee alikisimulia kwa ufupi na kwa heshima, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, anatoka duka la dawa la Chhani barabara ya Government, Nairobi, akapigwa risasi, ana miaka 38, Nahashon Njenga akahukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na watu mpaka leo wanauliza nani alimtuma. Mtu mmoja nyuma alitaka kuanza mambo ya kabila, mzee akamkatisha papo hapo, akasema hapa ndani kuna wafanyakazi. Alifanya vizuri sana, maana kwa mchanganyiko wetu ule kikao kingeharibika.

Mchana wa mwisho ni sheria zetu za 2006, namna ya kusajili tawi, namna ya kumpeleka mwajiri kwa afisa wa kazi wa wilaya kabla ya mahakama ya viwanda, fomu, muda, nani anasaini. Imepangwa vizuri na watu wanaondoka na nakala, ila nakala zote ni za Kiingereza. Hii waiangalie. Kama mkataba wa 1962 mzee ameweza kuutafsiri peke yake na kalamu, hizi kurasa chache za fomu haziwezi kushindikana, hata sisi tuliopita tuko tayari kusaidia, nimeshawaambia.

Kwa hiyo wanaoiendesha, ombi langu ni hivi: siku ya kwanza zoezi la karatasi za mshahara na lile la bandari yabaki kama yalivyo, punguzeni tu Accra na Marekani. Siku ya pili wekeni 1965 asubuhi wakati watu wana akili safi, na muiteni mmoja wa wabunge wetu wa wafanyakazi aje akae mbele, aulizwe. Na akina dada watafutiwe msimulizi wao, Jinja hii wapo wengi waliosimamia migomo ya viwanda vya samaki na nguo.

Kwa mnaotaka kwenda: njooni na karatasi ya mshahara ya karibuni, kaunta buku, na kama tawi lenu lina daftari la ada mje nalo pia, mzee atalipitia na nyinyi bila kuongeza bei. Wanaanza saa tatu kweli, si saa tatu ya mdomo. Mkienda kikundi kutoka kiwanda kimoja wanapunguza mpaka elfu hamsini kwa kichwa, na wa Kakira na Njeru ongeeni nao mapema kuhusu usafiri wa jioni, Jumapili taksi zinapungua baada ya saa kumi na mbili.